Uvimbe uliokaa miaka 60 bila jina

Leo nataka kuzungumza juu ya uvimbe wa taya na shingo. Najua si mazungumzo ya kupendeza saa hizi za chakula cha jioni, lakini nawaomba mnivumilie, kwani ndani ya habari hii imo sehemu ya historia yetu wenyewe wa Afrika Mashariki ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni.

Hebu mfikirieni mtoto wa miaka mitano. Juzi alikuwa akikimbiza tairi uwanjani. Leo shavu lake limevimba na jino limelegea, na kesho kutwa jino la pili nalo linatikisika. Homa kali hana, kulia halii. Bibi yake anasema hayo ni matubwitubwi, mfungeni kitambaa yatapungua. Jirani anasema ni jino bovu. Baba, ambaye ndiye mwenye kutoa nauli, anakata shauri apelekwe kwa daktari wa meno. Nani atamlaumu?

Kwa miaka mingi watoto wa namna hiyo walipelekwa hivyo hivyo, na wapo waliong'olewa meno yasiyo na kosa lolote. Baada ya wiki chache uvimbe ulikuwa umejaza uso, jicho limesukumwa nje, na haukupita muda mrefu mtoto akafa. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa jino. Ulikuwa kansa, au saratani kama wataalamu wetu wanavyopenda kuiita, tena mojawapo ya kansa zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote zinazompata binadamu.

Kabla sijaendelea niseme kwamba uvimbe wa shingo na taya si jambo geni kwetu, na nadhani ugeni wenyewe haukuwa na shida kama mazoea. Majina tunayo tele. Kuna mtoki unaotokea chini ya taya mtu akiumwa koo au akiwa na kidonda kichwani. Kuna matubwitubwi. Kuna rovu, ambalo akina mama wa nyanda za juu walilibeba shingoni kizazi hadi kizazi kwa sababu chakula cha kwao kilipungukiwa na madini joto. Kuna kifua kikuu cha tezi, ambacho huwashangaza wanaodhani kwamba kifua kikuu hakiwezi kutoka kifuani. Daktari mwenye foleni ya watu themanini mlangoni hujifunza kuutia kila uvimbe katika kimojawapo cha vikapu hivyo, na mara nyingi hakosei. Tabu huja siku anapoingia mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna kikapu.

Mgonjwa huyo aliingia mapema sana. Daktari Albert Cook, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja Uganda na msafara wa miguu kutoka pwani, alifika Kampala mwaka 1897 akaanzisha hospitali ya Mengo. Yeye na wenzake walikuwa na tabia moja ambayo laiti ingekuwa katika kila hospitali. Waliandika. Wagonjwa waliwekewa kumbukumbu na kumbukumbu zikatunzwa. Watafiti walipokuja kuzifungua miaka ya 1960 walikuta humo, katika kurasa za miaka ya mwanzo kabisa ya karne, watoto wenye uvimbe wa taya. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa mpya, na wala haukufichwa. Uliandikwa kwa wino na kuwekwa kabatini, nao ukakaa humo kama miaka sitini bila kupewa jina lake.

Kwa nini? Mimi naona sababu kubwa ni jinsi hospitali zilivyogawana mwili wa mgonjwa. Mtoto aliyevimba taya alikwenda kwa mtu wa meno. Aliyetokwa na jicho alikwenda kwa mtu wa macho. Aliyevimba tumbo alipelekwa kwa mpasuaji, na yule ambaye miguu ilikufa ganzi kwa sababu uvimbe ulibana uti wa mgongo alipelekwa kwingine kabisa. Hata maabara, kila kipande cha nyama kilipewa jina kufuatana na mahali kilipokatwa: hii kansa ya jicho, hii ya mfupa, hii ya figo. Kila mtaalamu alikuwa sahihi mlangoni pake. Hakuwapo mtu wa kusimama uani na kuona kwamba wanaoingia katika milango yote hiyo ni watoto wa rika moja, wenye ugonjwa mmoja.

Mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya Mulago, alimwita mpasuaji mmoja wa hapo amwangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Trowell huyu ni yule aliyehangaika miaka mingi kuwashawishi madaktari wenzake waukubali ugonjwa wa kwashakoo, ambao akina mama walikuwa wakiujua siku nyingi. Kwa hiyo alikuwa na uzoefu wa mambo yanayoonwa na watu na kukataliwa na vitabu. Mpasuaji aliyeitwa alikuwa Denis Burkitt, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1911, mwenye jicho moja. La pili alilipoteza kwa ajali akiwa na umri wa miaka 11. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi kwanza Lira na baadaye Kampala.

Mtoto yule alikuwa amevimba pande zote nne: taya la juu kulia na kushoto, na taya la chini vile vile. Burkitt akashindwa kuelewa. Jipu la jino hukaa upande lilipoanzia. Kansa alizozijua zilianzia mahali pamoja, kisha zikasambaa. Hii ilikuwaje ianzie pembe nne kwa wakati mmoja? Alimpiga picha mtoto, maana alikuwa mpenzi wa kupiga picha, akaandika alichokiona, jibu asilipate.

Muda mfupi baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Akiwa anamalizia kuzungukia wagonjwa, alitupa jicho dirishani akamwona mtoto ameketi nje kwenye majani pamoja na mama yake. Uso umevimba. Akatoka kwenda kumtazama. Pande nne tena! Safari hii hakuishia usoni. Alimpapasa mwili mzima, akakuta tumboni nako kuna uvimbe.

Hapo mimi husimama kila ninaposimulia habari hii. Mtoto yule hakuwa mmoja wa wagonjwa aliokuwa akiwaangalia asubuhi hiyo. Lakini wa kwanza angeweza kuwa kioja tu, na vioja havikosekani hospitalini. Wa pili, tena mwenye pembe nne zile zile, alikuwa anadai maelezo.

Burkitt alirudi Kampala akaanza kupekua majalada ya watoto waliokufa kwa kansa. Alisaidiwa na jambo moja ambalo hatuna budi kulisifu: Mulago ilikuwa na idara ya uchunguzi wa maiti na vinyama chini ya Profesa Jack Davies, na Kampala ilikuwa imeanzisha daftari la kuandikisha wagonjwa wa kansa mapema katika miaka ya 1950. Alipoyapanga majalada mezani aliona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini au mifuko ya mayai, na kwamba wapo watoto wenye uvimbe wa tumbo ule ule ambao taya zao zilikuwa salama. Mwaka 1958 alichapisha habari za wagonjwa 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Watu wachache sana waliijali. Kisha Mmarekani Gregory O'Conor, mtaalamu wa kusoma vinyama aliyekuja kufanya kazi na Davies, akakaa na hadubini yake na kuthibitisha kwamba vipande vyote vile, viwe vya jicho, taya au figo, vilikuwa kansa moja inayotokana na chembe za kinga za mwili, zile zile zinazokaa katika tezi. Ilipohesabiwa hivyo, kansa hiyo ikaonekana ndiyo karibu nusu ya kansa zote za watoto katika daftari la Kampala. Nusu nzima! Ilikuwa mbele ya macho ya watu wote.

Baada ya hapo lilikuja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote. Mgeni mmoja kutoka Johannesburg, Daktari George Oettlé, alitembelea Mulago akaoneshwa wagonjwa hawa. Akasema kwamba kwao Afrika Kusini ugonjwa huo haupo.

Mtu mwingine angesema haya, kila nchi na magonjwa yake. Burkitt alilishika neno hilo. Kama upo Kampala na haupo Johannesburg, basi katikati ya miji hiyo pana mahali unapoishia. Pako wapi? Alichapisha kikaratasi chenye picha za watoto wagonjwa, akakituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni katika sehemu nyingi za Afrika, akiwa na swali moja dogo: je, uvimbe huu mmeuona? Majibu yakarudi kwa mamia. Kila penye jibu la ndiyo alichomeka pini kwenye ramani ya Afrika iliyokuwa ukutani kwake. Pini zikajipanga katika mkanda mpana kuvuka katikati ya bara, na mkia wake ukashuka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Angeweza kutosheka na ramani. Badala yake, Oktoba 1961, aliondoka Kampala kwa gari la Ford la mwaka 1954, alilolinunua limekwishatumika kwa pauni 250, pamoja na wamisionari wawili: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, aliyekuwa daktari na fundi magari wa kujifunza mwenyewe, na Cliff Nelson, daktari kutoka Kanada. Walisafiri wiki kumi, zaidi ya kilomita 16,000, wakapita Tanganyika katika majira yale yale ambayo nchi ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake, wakashuka hadi Afrika Kusini, na njiani wakaingia hospitali karibu sitini. Kila walipofika waliuliza mambo mawili. La kwanza ni kama uvimbe huu upo. La pili, ambalo wapelelezi wengi husahau kuliuliza, ni mahali gani haupo. Daktari wa misheni aliyekaa wilayani miaka ishirini aliweza kuwajibu bila kufungua jalada.

Walichokikuta ni hiki. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana kwa watu wakaao juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Walipofika Malawi, ambayo wakati huo iliitwa Nyasaland, mpaka huo ulishuka hadi mita 900. Kusini zaidi ukashuka hadi mita 300. Mlima hauwezi kubadili tabia namna hiyo. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alipoiona ramani alitambua kwamba mstari ule si wa kimo cha nchi ila ni wa joto: mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, ugonjwa hukoma. Waliongeza mvua kwenye hesabu, na ramani ikazidi kulingana na ramani za magonjwa yaletwayo na mbu. Wakaanza kusema kwamba huenda kansa hii inasababishwa na kirusi, na kirusi hicho kinabebwa na mbu.

Hapa nitakwenda mbio kidogo, kwa sababu mambo ya maabara hayasimuliki vizuri redioni. Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa London akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyoleta kansa kwa kuku. Walikubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu London, ikatua Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa na utusitusi kana kwamba yameoza. Badala ya kuyamwaga waliyatazama, wakakuta ni chembe hai za uvimbe zinazoelea zenyewe. Chembe hizo zilikubali kukuzwa katika chupa, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonesha kirusi ndani yake. Ripoti ilitoka Machi mwaka huo kwa majina ya watu watatu: Epstein, msaidizi wake Yvonne Barr, na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Achong aliachwa nje ya jina, na sijapata maelezo yanayoniridhisha.

Mngedhani hadithi imekwisha. La hasha. Werner na Gertrude Henle, mtu na mkewe waliokuwa wakifanya kazi Philadelphia, walipopima damu za watu waligundua kwamba karibu kila mtu mzima, Mwafrika kwa Mzungu, amekwisha kuambukizwa kirusi hicho, na wengi hawakuugua chochote. Tena hakibebwi na mbu. Kinapita kwenye mate. Basi ramani ya Burkitt ilikuwa na maana gani?

Ilikuwa na maana, ila kwa njia ambayo yeye hakuitarajia. Mbu habebi kirusi, anabeba malaria. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara tangu utotoni chembe zake za kinga huchokozwa bila kupumzika na ulinzi wake dhidi ya kirusi hulegea, na katika vurugu hiyo hutokea siku chembe moja ikakosea katika kugawanyika kwake na kuanza kuzaana bila breki. Miaka ya 1970 wataalamu walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 huko West Nile, Uganda, wakangoja kuona nani atapata uvimbe. Matokeo yalitoka mwaka 1978, yakaonesha kwamba watoto walioupata walikuwa tangu mwanzo na dalili za maambukizo makubwa ya kirusi kuliko wenzao. Hapa Tanzania nako, katika wilaya ya Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 ili ijulikane kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, na malaria yenyewe ikaanza kuizoea klorokwini, kwa hiyo jibu likabaki la mashaka. Nawaheshimu watafiti wale kwa kulisema hilo waziwazi walipochapisha mwaka 1989.

Sasa tuingie Nairobi, maana huko kirusi hicho hicho kilionekana kimevaa nguo nyingine.

Peter Clifford alikuwa mpasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Alipokea watoto wenye uvimbe wa taya, na baada ya muda alishirikiana na wataalamu wa New York kuwatibu kwa dawa. Lakini kliniki yake ilipokea pia watu wazima wenye uvimbe wa shingo: tezi kubwa, ngumu, isiyouma, upande mmoja, chini ya sikio. Mgonjwa wa namna hii ni mtihani. Ukimtazama mdomoni huoni kitu. Anakula, anatembea, anafanya kazi. Ukimpa dawa za kifua kikuu, miezi inapita na uvimbe hauendi. Ukimhoji sana ndipo atakumbuka kwamba sikio la upande ule limeziba siku nyingi, au kwamba akipenga kamasi huona damu kidogo. Chanzo chake hakimo shingoni. Kipo nyuma ya pua, juu ya kilimi, mahali pasipoonekana mpaka daktari aingize kioo kidogo au kifaa cha kutazamia. Kansa ndogo imekaa huko kimya na kupeleka watoto wake shingoni.

Ugonjwa huo unajulikana zaidi kusini mwa China, lakini Clifford aliukuta kwa wingi wa kutosha Kenya, hasa kwa watu wa nyanda za juu, kinyume kabisa na uvimbe wa taya unaopenda nchi ya joto. Yeye alidhani moshi wa kuni katika nyumba zisizo na dohani unachangia. Mwaka 1966 damu za wagonjwa wake zilikuwa miongoni mwa zilizoonesha kwamba wagonjwa wa pua na wagonjwa wa taya wana kinga ya aina moja mwilini, na mwaka 1970 vinasaba vya kirusi cha Epstein-Barr vilipatikana ndani ya uvimbe wa aina zote mbili. Kwa hiyo mtoto wa Jinja na mzee wa nyanda za juu za Kenya, ambao hakuna kitabu kilichowahi kuwaweka ukurasa mmoja, walikuwa na mgeni mmoja nyumbani.

Nirudi kwenye tiba, maana bila tiba jina lina faida gani kwa mgonjwa? Mwanzoni Burkitt alikata. Alitoa mataya ya watoto na uvimbe ukarudi. Mashine za mionzi hazikuwapo Kampala. Kwa kukosa njia nyingine alijaribu dawa za sindano za kuua kansa, ambazo wakati huo zilikuwa changa hata Ulaya, na yaliyotokea yaliwashangaza wote: nyuso za watoto zilisinyaa ndani ya siku chache, na wachache wao wakapona moja kwa moja kwa dozi moja au mbili. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo kwa ushirikiano wa Makerere na Wamarekani, kikiongozwa na kijana John Ziegler, na pamoja naye akafanya kazi Sebastian Kyalwazi, Mganda aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa sehemu zetu kuwa daktari bingwa wa upasuaji. Mambo ya Idi Amin yalipoharibika mwaka 1972 Wamarekani waliondoka, na Charles Olweny, Mganda, akakibeba kituo mabegani katika miaka ambayo hata pamba ilikuwa shida kupatikana. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda, na kipo hadi leo.

Burkitt alifariki mwaka 1993, Epstein mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Ugonjwa umeitwa kwa jina la Burkitt dunia nzima. Mama aliyeketi kwenye majani pale Jinja jina lake halimo katika vitabu nilivyosoma, wala la mwanawe, wala ya wauguzi waliofasiri Kiluganda na Kilango kitandani ili daktari ajue uvimbe ulianza lini. Nayataja haya kwa sababu nusu ya kutambua ugonjwa ni kuulizwa swali hilo, umeanza lini, na anayeweza kulijibu ni mama.

Tena lina uzito kuliko linavyosikika. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu katika siku chache tu. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya tisa katika kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu Afrika ni kama nusu, na mahali pengi hawafiki hata nusu. Dawa za msingi ni zile zile, tena si ngeni. Tofauti kubwa inapatikana njiani: wiki mbili za kitambaa, wiki moja ya jino, wiki tatu za kutafuta nauli ya rufaa, na wiki nyingine za kungoja majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara ya mbali, kwa kuwa wanaojua kusoma vinyama hivyo bado ni wachache katika nchi zetu zote. Piga hesabu mwenyewe, msikilizaji, uvimbe umeongezeka mara ngapi.

Ipo pia hofu ya kisu. Watu husema uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika, na kwa sababu hiyo wazazi wengine humtorosha mtoto wodini siku ya kukatwa kinyama. Naielewa hofu hiyo, kwa kuwa walioiona walimwona mtoto akikatwa na baada ya mwezi akizikwa. Lakini mtoto yule alikuwa amefika amechelewa, na kinyama chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Siku hizi mara nyingi huanza na sindano nyembamba, ambayo huvuta maji kidogo ya uvimbe na kuyapaka kwenye kioo, kazi ya dakika chache. Mwenye mtoto aliyevimba taya na meno yake yakalegea bila kuoza, au mtu mzima mwenye tezi ngumu shingoni iliyozidi wiki tatu pasipo kupungua, na aombe sindano hiyo kabla ya jino kung'olewa au dawa kuanzwa kwa kubahatisha. Na akiisha kuchomwa asiondoke mpaka ameandikiwa kwenye kadi tarehe ya kurudi kuchukua majibu, na jina la maabara yalikopelekwa.